Kwa Nini Dawa ya Mgonjwa Ipigiwe Kura?

Mama mmoja anayeuza viazi mviringo sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, alinisimamisha, ndoo ya viazi ikiwa bado mkononi. Kaka yake alikuwa ametapika damu usiku, wakamkimbiza hospitali kwa bajaji, na huko, kabla hata hawajakaa sawa, muuguzi akawaletea karatasi za utafiti. "Mwanangu," akaniuliza, "wanasema kompyuta ndiyo itakayochagua apewe dawa hii au ile. Sasa daktari kasomea nini? Ndugu yangu anapigiwa kura kama tunacheza upatu?"

Swali lake nalifahamu vizuri. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kukaa na wagonjwa na ndugu zao, kuwasomea fomu za ridhaa na kujibu wanachouliza. Swali la kura nimeulizwa wodini, koridoni, na hata kwenye foleni ya dirisha la dawa. Siku ile Mwanjelwa nilimjibu kwa ufupi kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri viazi vyao. Hapa nataka nimjibu kwa kituo.

Tuanze na maneno, maana nusu ya hofu inatokana nayo. Utafiti wa kitabibu ni njia ya kutafuta jibu la swali la matibabu kwa kufuatilia watu wenyewe, badala ya kukisia. Upo wa kuangalia tu: mtafiti anapitia mafaili ya wagonjwa waliopasuliwa kidole tumbo na kuandika walikaa siku ngapi, nani alipata usaha kwenye kidonda, nani alirudi. Hapo hakuna anayepewa kitu kipya. Na upo wa kulinganisha, ambao kundi moja linapata tiba hii na kundi lingine tiba ile, kisha matokeo yanapimwa. Huu wa pili ndio unaoitwa jaribio la kitabibu, na hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Jaribio, majaribio, majaribu. Kanisani majaribu ni mateso anayopitishwa mwamini. Mtaani kitu cha majaribio ni kitu ambacho hakijaaminika. Ukimwambia mama aliye na mgonjwa mahututi kwamba kuna "majaribio", ameshasikia panya na vizimba kabla hujamaliza sentensi. Mimi nilizoea kusema "utafiti wa kulinganisha", na niliona mabega ya watu yakishuka.

Sasa hiyo kura. Mkulima yeyote wa Nyanda za Juu Kusini anaielewa, ila hajui kuwa anaielewa. Pale Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mbegu mpya ya maharage haitangazwi kwa kuwa mtaalamu mmoja ameipenda. Inapandwa kwenye vipande vya shamba, kando kwa kando na ile ya zamani, kwa udongo uleule na mvua ileile. Ukipanda mpya bondeni kwenye rutuba, na ya zamani ukaitupa kilimani kwenye changarawe, mavuno yatakuambia habari za bonde na kilima tu. Kuhusu mbegu hutakuwa umejua lolote.

Wagonjwa nao wana mabonde na vilima vyao. Mmoja ana miaka 20 na ameumwa tangu jana, mwingine ana miaka 70, ana kisukari na ametoka mbali kwa gari la mizigo. Daktari akiachiwa achague mwenyewe nani apate dawa mpya, hata kwa nia njema kabisa, atampa yule anayemhurumia zaidi, au yule anayeona atapona. Makundi yanakuwa hayalingani tangu mwanzo. Kura inawachanganya vijana na wazee, wenye hali mbaya na wenye nafuu, mpaka pande mbili zinafanana. Baada ya hapo, kukitokea tofauti kubwa, inakuwa vigumu kumsingizia mwingine zaidi ya dawa yenyewe.

Lakini jambo ambalo mama wa viazi alihitaji kulisikia zaidi ni hili: kura inaruhusiwa pale tu ambapo wataalamu hawajui kwa uhakika tiba ipi ni bora. Ikishajulikana kwamba dawa moja inaokoa na nyingine haiokoi, kupiga kura ni kosa, na hakuna kamati ya maadili, ile inayokagua utafiti kabla haujaanza, itakayoipitisha. Daktari anayekuletea karatasi ya utafiti anakiri kitu ambacho madaktari wengi wanaona taabu kukisema: hapa sijui, na wenzangu duniani hawajui pia.

Je, kutojua huko ni kwa kweli, au ni kisingizio? Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinahusu damu ya tumboni kama ya yule kaka, na kinahusu barabara yetu pia.

Kuna dawa inaitwa traneksamiki asidi. Iligunduliwa Japani na mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, na ikatangazwa mwaka 1962. Mwili ukiumia hutengeneza bonge la damu la kuziba tundu, lakini mwili huohuo una kemikali zinazoyeyusha bonge. Dawa hii inazuia kuyeyuka huko, bonge likabaki mahali pake. Ni ya bei nafuu, imekuwepo miongo mingi, na kila daktari alikuwa na maoni yake juu yake.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa CRASH-2. Majeruhi 20,211, katika hospitali 274 za nchi 40, walipigiwa kura: nusu wakapata dawa hiyo, nusu wakapata maji yasiyo na dawa, na wote wakaendelea na matibabu mengine yote, damu, upasuaji, vyote. Katika kila majeruhi 1,000 wasiopata dawa, walikufa takriban 160. Waliopata, takriban 145. Watu 15 katika kila elfu. Anayeijua barabara kuu ya kwenda Zambia, mteremko wa Iwambi, Mlima Nyoka, na kule Iringa kona za Kitonga, anajua watu 15 wana uzito gani. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukaonyesha jambo jingine: dawa inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu baada ya ajali, na ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru.

Mwaka 2017 yakatoka majibu ya swali hilohilo kwa wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, jambo ambalo Utako Okamoto mwenyewe alilitamani tangu ujana wake. Wanawake 20,060, nchi 21, Tanzania ikiwemo. Vifo vitokanavyo na damu vilipungua, hasa kwa waliopewa mapema. Kwa hiyo wanawake wa nchi hii waliokubali kuingia kwenye utafiti ule wamo ndani ya jibu ambalo leo wakunga wa dunia nzima wanalitumia.

Sasa fikiria ungekuwa daktari. Dawa inazuia damu ya ajali. Inazuia damu ya uzazi. Anakuja mgonjwa anatapika damu kutoka tumboni. Utampa? Mimi ningempa bila kusita. Tafiti ndogondogo zilizokuwepo zilionyesha vifo vinapungua kwa kiasi kikubwa, na hospitali nyingi zilikuwa zinaitoa tayari. Kupiga kura kulionekana kama ukatili: kwa nini umnyime mtu?

Hata hivyo kura ikapigwa. Utafiti uliitwa HALT-IT, wagonjwa 12,009 wanaotokwa damu kwenye mfumo wa chakula, hospitali 164, nchi 15, matokeo yakatoka mwaka 2020. Waliopata dawa, waliokufa kwa kutokwa damu ndani ya siku tano walikuwa kama 37 katika kila 1,000. Wasiopata, 38. Hakuna tofauti. Na upande wa waliopata dawa, mabonge ya damu kwenye mishipa ya miguuni na mapafuni yalikuwa kama 8 katika kila 1,000, dhidi ya 4 upande wa pili. Degedege pia iliongezeka. Dawa iliyookoa watu barabarani ilikuwa haisaidii tumboni, na ilikuwa inawaumiza baadhi yao.

Ndugu msomaji, hebu rudi nyuma uangalie nani alikuwa na bahati katika utafiti ule. Walioangukia kwenye "maji matupu", wale ambao ndugu zao pengine walinung'unika kwamba wamenyimwa dawa, ndio waliokuwa salama zaidi. Hakuna aliyeweza kulijua hilo siku ya kusaini. Hiyo ndiyo maana ya kura.

Maji matupu yenyewe yana jina, plasebo: kitu kinachofanana na dawa kwa kila hali ila hakina dawa ndani. Yanatumika ili mgonjwa na daktari wote wasijue nani kapata nini, kwa sababu anayejua huona anachotaka kuona. Daktari akijua umepata dawa mpya atakupita mara tatu kwa siku. Hayatumiki badala ya matibabu yanayojulikana. Mtu anayetokwa damu tumboni kwenye utafiti bado anaongezewa damu, bado anapelekwa kwenye kipimo cha kamera kama kipo, bado anapasuliwa ikibidi.

Na nigusie hapa, maana mtaani tunaambiana mambo yasiyo kweli kuhusu damu hii inakotoka. Vidonda vya tumbo kwetu vinasingiziwa mawazo, pilipili, maharage, kuchelewa kula. Sehemu kubwa ya vidonda hivyo inatokana na vitu viwili: bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zile ambazo wabeba mizigo na wapiga debe wanazinunua vidonge viwiliviwili dukani kwa ajili ya mgongo. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipomtaja huyo bakteria miaka ya 1980 wengi hawakuwaamini, mpaka mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe bakteria hao na tumbo lake likavimba kwa ndani. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini tumbo la Marshall peke yake halikubadilisha matibabu. Yaliyobadilisha ni makundi ya wagonjwa waliolinganishwa, waliopata antibiotiki na wasiopata, ambapo vidonda vya waliopata havikurudi ovyo. Choo kikiwa cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, au ukitapika damu, usisubiri asubuhi.

Turudi kwenye dharura, kwa kitu ambacho kila bibi wa huku ana msimamo nacho: dripu. Mtoto akilazwa bila dripu, ukoo mzima unauliza kama anatibiwa kweli. Nimewaona watu wakimwomba muuguzi "angalau chupa moja tu". Dripu imekuwa ishara ya kutibiwa.

Madaktari nao waliamini hivyo, kwa sababu zao. Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo mbio, maelekezo ya wakati ule yalisema aongezewe maji haraka na kwa wingi. Maelekezo hayo yalijengwa zaidi kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia na vyumba vya uangalizi maalumu. Hapakuwa na aliyelinganisha kwenye wodi kama zetu. Utafiti ulioitwa FEAST ukafanyika Uganda, Kenya na Tanzania, kwetu ukiwa hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 walipigiwa kura: kupewa maji mengi kwa haraka, au kupewa polepole tu ya kukidhi mahitaji ya siku. Ulipangwa kufikia watoto 3,600. Haukufika. Kamati huru iliyokuwa inachungulia takwimu wakati utafiti unaendelea iliona kinachotokea na kushauri usimamishwe, mwanzoni mwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 1,000 waliopewa maji mengi ya haraka walikuwa wamekufa zaidi kidogo ya 105. Waliopewa polepole, 73.

Nikisoma namba hizo mpaka leo nasimama kidogo. Ina maana kwamba kabla ya utafiti, katika wodi ambazo hakuna aliyekuwa akihesabu, kulikuwa na watoto waliokuwa wakipewa maji kwa upendo na kwa kufuata kitabu, na maji yakawazidishia. Bila kura ile tungeendelea. Mwaka 2017 majirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma walitoa matokeo yanayofanana, kwa watu wazima 212 wa hospitali kuu ya Lusaka, waliokuwa na maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka. Waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo walikufa asilimia 48, wa matibabu ya kawaida asilimia 33.

Tafadhali usitoke hapa ukisema dripu inaua. Watoto wa kuhara na kutapika hawakuingizwa FEAST, kwa sababu anayekauka kwa kuhara anahitaji maji na jambo hilo halina ubishi. Mgonjwa wa kipindupindu anaokolewa na ORS na dripu. Swali la FEAST lilikuwa la mtoto wa homa kali asiyeharisha. Utafiti unajibu swali lake, haujibu la jirani yake, kama tulivyoona kwa dawa ya kuzuia damu.

Kuna hofu nyingine ambayo haisemwi kwa sauti mbele ya daktari, ila mimi niliambiwa pembeni: damu inakwenda wapi? Neno mumiani bado lipo midomoni mwa wazee, na siwezi kuwacheka. Basi tuhesabu. Kichupa kimoja cha maabara kwa kawaida kinachukua kama mililita 5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Ukichangia damu benki ya damu unatoa kama mililita 450, yaani vijiko 90. Damu ya kijiko haiuziki kwa mgonjwa yeyote. Inapimwa, na fomu lazima iseme inapimwa nini, inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itapelekwa nje ya nchi. Kama fomu haisemi, uliza kabla ya kusaini.

Wala hofu ya kutumiwa si ujinga. Huko Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972, wanaume weusi takriban 600 waliwekwa kwenye utafiti wa kaswende. Hawakuambiwa ukweli, na penisilini ilipothibitishwa kuwa tiba, wagonjwa hawakupewa. Maovu ya namna hiyo, pamoja na yale ya madaktari wa Wanazi, ndiyo yaliyozaa sheria tulizonazo. Kwetu, utafiti wa afya kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kamati hiyo iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo chake hapa Mbeya. Majaribio ya dawa yanahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Fomu unayosomewa inapaswa kuwa kwa lugha unayoielewa, nakala yako unaondoka nayo, na juu yake pana namba ya simu ya kamati ili umshtaki mtafiti mwenyewe ukitaka. Nauli unaweza kurudishiwa. Ukiona unaahidiwa fedha nyingi kuliko usumbufu, au unatozwa pesa ya dawa inayotafitiwa, una sababu ya kuuliza kwa ukali.

Linabaki la ridhaa wakati wa dharura, na ndilo gumu kuliko yote. Mtu anatapika damu, au mtoto hajitambui, na dawa yenyewe ina maana ikitolewa ndani ya saa chache. Kusoma kurasa nane wakati huo ni kumchelewesha. Kwa hiyo kamati za maadili huweza kuruhusu njia fupi: ndugu anaelezwa kwa maneno machache, anakubali au anakataa, matibabu yanaanza, na maelezo kamili pamoja na saini vinafuata hali ikitulia. Ndivyo walivyofanya kwa baadhi ya wazazi wa FEAST. Hapo mgonjwa au ndugu yake bado ana haki ya kusema basi, nimeghairi, nitoeni. Ninaona njia hiyo ni ya lazima, ila inadai mtu mwenye subira wa kurudi kitandani kesho yake na kueleza upya, na siyo kijana wa kukimbizana na idadi ya saini.

Mzee mmoja wa Rungwe nilimsomea fomu akiwa amelala ubavu, blanketi mpaka kidevuni, Juni, baridi ya kukata. Hakujua kusoma, kwa hiyo tulikuwa na shahidi, mtu asiye wa timu yetu, kama utaratibu unavyotaka. Kidau cha wino wa bluu kilikuwa tayari juu ya kabati kwa ajili ya dole gumba. Nilisoma kwa dakika 40. Aliuliza damu ni kiasi gani, nikamwonyesha kijiko cha chai chake mwenyewe. Aliuliza kama akirudi Tukuyu kabla ya siku zake kuisha atafuatwa, nikamwambia atapigiwa simu tu akikubali. Aliuliza kama daktari atamkasirikia akikataa, nikamwambia hapana.

Akakaa kimya, akitazama kile kidau. "Basi hapana," akasema. "Ndaga, mwanangu." Yaani asante, kwa Kinyakyusa.

Nikakifunika kidau. Saa nne muuguzi alikuja na trei, akampima mapigo, akamchoma sindano yake ya saa nne kama alivyomchoma jana.